Suzuki kuanzia kirikuu hadi Escudo: mwongozo kamili wa kuchagua, kukagua na kutunza

Ukienda duka la vipuri Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na kusema "naomba pampu ya maji ya Suzuki", muuzaji mzoefu atakuuliza kwanza: Suzuki ipi? Ukijibu "kirikuu", yaani kilori cha Suzuki Carry, atauliza tena. Kirikuu ya mwaka 2001 na ya mwaka 2015 zinafanana kwa kazi, lakini injini ni tofauti kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namba ya chesisi, kisha unaendelea na uchaguzi, ukaguzi na matunzo.

Kwa nini magari haya ni madogo hivi

Suzuki ilianzishwa na Michio Suzuki mwaka 1909 katika mji wa Hamamatsu, ikitengeneza mitambo ya kufumia nguo. Gari lake la kwanza kuuzwa, Suzulight la mwaka 1955, lilitengenezwa kufuata daraja la kei, yaani magari madogo ambayo sheria ya Japani huyapa nafuu ya kodi kwa masharti ya vipimo. Masharti hayo ndiyo yaliyochora umbo la kirikuu. Ukubwa wa injini uliruhusiwa kufika cc 360, ukapandishwa hadi cc 550 mwaka 1976, na cc 660 mwaka 1990. Tangu Oktoba 1998 gari la kei halitakiwi kuzidi mita 3.4 kwa urefu na mita 1.48 kwa upana, na lori dogo la daraja hilo husajiliwa kubeba kilo 350 tu. Namba hiyo ya kilo 350 ikariri. Tutairudia.

Nje ya daraja la kei kuna Swift, Escudo na Jimny zenye injini kubwa. Kuna pia tawi la India, lililoanza kuunda Maruti 800 mwezi Desemba 1983. Siku hizi magari ya tawi hilo huuzwa Afrika hata kwa nembo ya Toyota: Starlet iliyoingia Afrika Kusini mwaka 2020 ni Suzuki Baleno. Mwenye Starlet hiyo akikosa kipuri cha injini kwenye duka la Toyota, aulizie cha Baleno.

Hatua ya kwanza: soma namba ya chesisi

Namba huandikwa mfano DA63T-123456. Sehemu ya kabla ya mstari ndiyo jina halisi la gari. Kwenye familia ya Carry na Every herufi ya mwisho inakuambia umbo: T ni lori la wazi, V ni kigari cha mizigo chenye bodi, W ni cha abiria. Ukiona EBD- au GBD- mbele ya namba kwenye nyaraka za Japani, hizo ni alama za kiwango cha moshi, duka la vipuri halizihitaji.

Namba utakazokutana nazo sana ni hizi:

- DC51T na DD51T: Carry ya miaka ya 1990, injini F6A. DC ni ya kuvuta magurudumu mawili, DD ni 4WD, yaani magurudumu yote manne huvuta.
- DA52T (1999, F6A), kisha DA62T yenye injini K6A.
- DA63T: 2002 hadi 2013, K6A. Hii ndiyo kirikuu iliyojaa barabarani.
- DA16T: kuanzia 2013, injini R06A.
- DA64V: Every ya 2005 hadi 2015, K6A. DA17V: kuanzia 2015, R06A.
- HA36S: Alto ya mwisho wa 2014 na kuendelea, R06A.
- ZC11S (1.3, M13A) na ZC72S (1.2, K12B): Swift.
- TL52W (J20A, lita 2.0) na TD54W (J20A): Escudo ya pili na ya tatu.
- JB23W: Jimny ya cc 660 yenye tabo, 1998 hadi 2018. JB64W iliipokea. JB43 ni ya 1.3, JB74 ni ya 1.5.

Kuna ndugu waliobadilishwa nembo. Mazda Scrum ni Carry na Every. Nissan Clipper inahitaji uangalifu: ya kabla ya mwisho wa 2013 ni Mitsubishi Minicab chini ya ngozi, yenye injini 3G83, na ya baada ya hapo ni Suzuki. Mitsubishi Minicab yenyewe ikawa Suzuki mwaka 2014. Wauzaji wengi hawajui hili, na mnunuzi huishia na gasketi isiyoingia.

Andika namba ya chesisi na ya injini kwenye simu yako kabla ya kwenda dukani. Kama kipuri ni cha umeme, nenda na cha zamani mkononi.

Kirikuu: nini inaweza, nini haiwezi

Sehemu ya kupakia mzigo ya DA63T ina urefu wa karibu mita 1.94 na upana wa mita 1.41. Nafasi hiyo hudanganya, kwa sababu mzigo mzito hutosha ndani yake kwa urahisi. Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Ni madumu 16 ya maji ya lita 20. Ukipakia mifuko 15, gari litaondoka, litafika, na mwenye nalo atasema mbona linaweza. Gharama huja baadaye kwa mpangilio unaotabirika: springi za nyuma hulala, kisha beringi za magurudumu ya nyuma huanza kuvuma, klachi huungua kwenye milima, na breki za nyuma huchoka mapema kuliko zilivyopaswa. Kuongeza jani la springi hakuongezi nguvu ya ekseli wala ya breki. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni tani moja anunue Carry kubwa ya lita 1.5 inayoundwa Indonesia, au gari la aina nyingine, aiache kirikuu ifanye kazi yake.

Tairi sahihi ni 145R12 yenye nguvu ya 6PR, au mpya zinazoandikwa 145/80R12 zikiwa na alama ya LT. Tairi za gari dogo la abiria zenye kipimo kinachokaribiana huingia kwenye rimu bila shida, ila ukuta wake ni laini. Chini ya mzigo hupata joto na kupasuka. Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, na zingatia kuwa tairi za nyuma zina kipimo chake kukiwa na mzigo.

Gia: chagua ya kukanyaga klachi, gia 5. Otomatiki ya DA63T ina gia 3 tu, injini hulia sana kwenye barabara kuu na mafuta hutumika zaidi. Kwenye DA16T na DA17V kuna aina iitwayo AGS. Hiyo ni gia ya kawaida na klachi ya kawaida, ila mtambo wa haidroliki ndio unaokanyaga klachi na kubadili gia badala ya mguu wako. Inatumia mafuta kidogo, lakini mtambo ule ukiharibika unahitaji kompyuta ya uchunguzi na fundi anayeujua. Ukiwa mbali na mji mkubwa, iache.

4WD ya kirikuu ni ya kuunganisha unapoihitaji. Iunganishe kwenye tope au mchanga, iondoe ukifika lami. Kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayawezi kupishana mzunguko kwenye kona, mfumo mzima hujikaza, na kinachovunjika ni jointi za propela au gia ndani ya transifa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma).

Every, Alto, Swift kwa haraka

Every ni kirikuu yenye nyumba: injini ileile chini ya viti vya mbele, magonjwa yaleyale. Inafaa bidhaa za dukani zisizotakiwa kulowa. Milango ya pembeni ya kuteleza ikaguliwe reli zake za chini, huko ndiko kutu huanzia.

Alto HA36S ni nyepesi ajabu, toleo jepesi kabisa lina kilo 610, na hapo ndipo unafuu wake wa mafuta unapotoka. Kwa mtu mmoja au wawili mjini ni gari zuri. Kwa familia ya watu watano wa Mwanza kwenda Dar es Salaam, hapana.

Swift ni imara. Injini zake, M13A na K12B, zote zinatumia cheni ya taimingi. Jambo la kuuliza ni gia. Kwenye ZC72S otomatiki ni CVT (gia isiyo na ngazi, inayotumia mkanda wa chuma), na CVT haisamehe mafuta yasiyo yake. Fundi akimimina mafuta ya gia otomatiki ya kawaida, mkanda wa chuma ndani huanza kuteleza na gari litatetemeka linapoondoka. Tumia aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, badilisha kila kilomita 40,000, na usikubali sanduku lioshwe kwa dizeli.

Escudo

Escudo ya pili, kundi la TL52W, iliyouzwa 1997 hadi 2005, ina chesisi ya ngazi, gia ya chini ya kupandia na 4WD ya kuunganisha. TD54W ya kuanzia 2005 chesisi yake imeunganishwa na bodi, na 4WD ni ya muda wote, yenye kitufe cha kuzungusha: 4H, 4H Lock, 4L Lock na N. Kwenye lami unakaa 4H. Kwenye 4H Lock na 4L Lock difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) imefungwa, hivyo sheria ya lami kavu inarudi palepale.

Injini J20A ina cheni. Mnunuzi akisikia "haina mkanda wa kubadilisha", hudhani haina cha kutunza. Cheni inakazwa na taishona inayosukumwa na presha ya oili. Oili ikikaa muda mrefu na kuwa lami, presha haifiki, cheni hulegea na kula miongozo yake ya plastiki. Dalili ni mlio wa kukwaruza mbele ya injini kwa sekunde chache asubuhi. Ukizidi sekunde 3 hadi 5, au ukiendelea injini ikiwa moto, hesabu bei ya kubadilisha cheni, taishona na miongozo kabla ya kuafikiana na muuzaji. Escudo za 1.6 zenye injini ya G16A zinatumia mkanda: ubadilishe kila kilomita 90,000 hivi, pamoja na pampu ya maji, maana kazi ya kufungua ni moja.

TD54W hutumia tairi za 225/65R17 au 225/70R16. Kwa kuwa ni 4WD ya muda wote, tairi zote nne ziwe saizi moja na zilizoisha kwa kiwango kimoja. Tairi mbili mpya na mbili vipara huifanya difu ya kati ifanye kazi bila kupumzika.

Jimny na mtikisiko wa usukani

Jimny ni gari la kweli la porini: chesisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, tairi nyembamba za 175/80R16 kwenye JB23W. Ugonjwa wake maarufu ni usukani kutikisika kwa nguvu kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, hasa baada ya kugonga shimo. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha dampa ya usukani, mtikisiko ukapungua kwa mwezi mmoja kisha ukarudi. Fuata mpangilio huu:

1. Balansi magurudumu yote, na hakikisha rimu hazijapinda.
2. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ukisikia mchezo, tazama kama ni beringi ya gurudumu au beringi za kingipini.
3. Shika tairi kushoto na kulia, tikisa. Mchezo hapa ni tairodi.
4. Kagua bushi za mikono ya ekseli ya mbele na ya fimbo inayoshikilia ekseli isiyumbe. Zilizopasuka zibadilishwe.
5. Dampa ndiyo ya mwisho.

Kwenye JB23W magurudumu ya mbele huunganishwa na habu zinazovutwa na vakyumu. Mpira wa vakyumu ukipasuka, taa ya 4WD inaweza kuwaka lakini magurudumu ya mbele hayavuti. Ijaribu kwenye mchanga: msaidizi asimame nje atazame kama tairi za mbele zinazunguka.

Ununuzi kutoka Japani

Angalia sheria kwanza. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo DA63T na TL52W huko hununuliwa tu zilizokwisha kuingia nchini. Tanzania umri haukuzuii ila unaongeza kodi, nayo huweza kupita bei ya gari lenyewe. Tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kutuma hata senti.

Omba karatasi ya mnada, na uisome mwenyewe. Mwaka huandikwa kwa enzi za Japani: H20 ni Heisei 20, ongeza 1988 upate 2008. R ni Reiwa, ongeza 2018. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, X ni paneli ya kubadilishwa, XX ni iliyobadilishwa. Gredi ya R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwa magari haya madogo, S na C zinaogopesha kuliko A kumi. Hokkaido na kaskazini ya Honshu humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chesisi kutoka ndani. Omba picha za chini ya gari. Muuzaji asiyetaka kuzipiga ameshakujibu.

Ukaguzi wa gari lililopo mbele yako

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi.

1. Fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe na rangi ya kulenti (kipozeo cha injini) safi. Maji ya kahawia ni kutu, mafuta yanayoelea ni gasketi ya silinda hedi.
2. Fungua mfuniko wa oili. Utando mweusi mzito ndani ni historia ya oili kucheleweshwa.
3. Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga reli za chesisi nyuma ya kabini, sehemu za kushikia springi, na chini ya milango. Mlio mkavu ni chuma. Mlio wa bati bovu ni kutu iliyopakwa rangi nyeusi.
4. Washa, sikiliza sekunde 10 za kwanza kwa ajili ya cheni.
5. Acha iungurume hadi feni ya rejeta ijiwashe na kujizima mara mbili. Isipojiwasha na joto linapanda, zima.
6. Nyanyua kiti. Kwenye kirikuu injini iko hapo chini. Oili iliyomwagika juu ya egzosi hutokana na gasketi ya kava ya juu, kazi ndogo. Majimaji ya kulenti hapo ni jambo jingine, fuatilia paipu.
7. Endesha. Ukiwa gia ya 4 kwenye kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ikipanda mlio bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.
8. Kwenye udongo, jaribu 4WD na gia ya chini.
9. Pima kompresheni. Kwenye injini zenye silinda 3, yenye kipimo cha juu kabisa na yenye kipimo cha chini kabisa zisitofautiane kwa zaidi ya kPa 100. Silinda moja iliyo chini huhisiwa kama theluthi ya nguvu kupotea.

Kutoa hewa kwenye maji ya kirikuu na Every

Hiki ndicho chanzo cha silinda hedi nyingi kupinda. Rejeta iko mbele kabisa, injini iko chini ya viti, na maji husafiri kwenye paipu ndefu chini ya sakafu. Hewa ikibaki humo, geji husoma kawaida huku hedi ikiungua. Kila unapofungua mfumo wa maji fanya hivi, injini ikiwa ya baridi:

1. Kinga maji yote yanayotoka kwenye ndoo na uyapime. Ukirudisha pungufu ya hayo, hewa bado imo.
2. Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko au kwa kupandisha magurudumu ya mbele.
3. Weka hita kwenye joto la mwisho ili vali yake ifunguke.
4. Mimina mchanganyiko wa kulenti nusu na maji safi nusu, polepole, huku ukibinya paipu za mpira kwa mkono.
5. Washa mfuniko ukiwa wazi. Maji yatashuka na kutoa mapovu, ongeza. Subiri feni iwake.
6. Hita itoe hewa ya moto. Ikitoa ya baridi, rudia hatua ya 4.
7. Funga, jaza chupa ya akiba hadi alama, endesha kilomita 5, acha ipoe kabisa kisha angalia tena.

Fundi akikushauri utoe themostati ili injini "isichemke", kataa. Injini isiyofikia joto lake huongezewa petroli na kompyuta, plagi huwa nyeusi, oili huchafuka haraka, na tatizo lililosababisha kuchemka bado lipo palepale. Hedi ikishapata moto, ipimwe kwa rula ya chuma kabla ya gasketi mpya. Kikomo cha kawaida cha kupinda ni milimita 0.05.

Oili

Kila kilomita 5,000, filta pamoja nayo. K6A na R06A ni injini ndogo zenye oili kidogo, hivyo kila tone linafanya kazi kubwa na kuchafuka upesi. Tumia 5W-30. Nunua kopo la lita 3, mimina lita 2.5 kwanza, washa dakika moja, zima, subiri dakika 5, kisha jaza kidogo kidogo hadi dipstiki isome alama ya juu bila kuipita. J20A ya Escudo inachukua karibu lita 5, kwa utaratibu uleule. Kirikuu ya biashara ikaguliwe dipstiki kila Jumatatu asubuhi kabla ya mzigo wa kwanza, gari likiwa mahali tambarare.